Chokaa ya Maji, Chokaa ya Moto

Fundi wa Kampala akienda kununua saruji, iwe Nabugabo katikati ya mji au Ndeeba kwenye barabara ya Masaka, swali la kwanza analoulizwa ni hili: Tororo au Hima? Siku hizi zipo chapa nyingine, ila majina hayo mawili ndiyo yaliyozoeleka midomoni mwa waashi kwa miongo mingi. Tororo iko mashariki, karibu kabisa na mpaka wa Kenya. Hima iko magharibi, wilayani Kasese, chini ya milima ya Rwenzori. Kutoka moja hadi nyingine unaivuka karibu Uganda nzima, na viwanda vilijengwa pale vilipo kwa sababu moja: mawe ya chokaa yalikuwa pale pale.

Yadondoshee mawe hayo asidi, yote mawili yatatoa povu. Yachome tanurini, yote mawili yatatoa chokaa. Mwashi hana haja ya kuyatenganisha. Lakini asili zake hazikutani hata kidogo. Jiwe la Hima lililazwa na maji. Jiwe la Tororo lilipanda kutoka chini ya ardhi likiwa moto, likapoa ndani ya koo la volkano. La kwanza ni mwamba mashapo, la pili ni la ukoo wa miamba moto. Tofauti ya koo hizo mbili si ya kukariri kwa ajili ya mtihani wa jiografia peke yake. Ndiyo inayoamua sehemu gani ya Afrika Mashariki itapata mafuta, ipi itapata ardhi nyeusi yenye rutuba, ipi itahangaika na maji ingawa mvua inanyesha, na ipi itaishi kwa hofu kila msimu wa masika.

Tuanze na mashapo, kwa kuwa hayo bado yanatengenezwa mbele ya macho yetu. Msafiri anayetoka Kampala kwenda Masaka hupita Lwera, ukanda wa kinamasi ulio kando ya Ziwa Victoria, na huko huona malori yamejipanga yakisubiri mchanga. Mchanga ule uliwahi kuwa mwamba mgumu. Jua, mvua na mizizi viliuvunja, mito ikauburuta, mawimbi yakauchekecha na kuuacha ufukweni. Karibu zaidi na mji, Kajjansi, kuna bonde lenye udongo wa mfinyanzi ambao kampuni ya Uganda Clays imeufinyanga kuwa vigae na matofali tangu mwaka 1950. Huo nao ni mashapo, ila ya chembe ndogo mno, zile zinazotua tu pale maji yanapotulia. Mchanga wa Lwera ukifunikwa na tabaka juu ya tabaka, ukabanwa na uzito, na maji yapitayo kati ya punje yakaacha madini ya kuzigandisha, utakuwa jiwe la mchanga. Tope la Kajjansi litakuwa jiwe laini linalobanduka kurasa kwa kurasa. Kinachohitajika ni muda tu, na muda wenyewe unahesabiwa kwa mamilioni ya miaka.

Volkano haina subira hiyo. Huko Goma, ng'ambo ya mpaka wa kusini-magharibi wa Uganda, mwamba mpya umezaliwa mara tatu katika kumbukumbu ya watu walio hai: Januari 1977, Januari 2002 na Mei 2021, kila Nyiragongo ulipolipuka. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya ndege ya uwanja wa Goma na kuingia Ziwa Kivu. Lava ya mlima huo ina silika kidogo sana, na kwa hiyo ni nyepesi kutiririka, hukimbia mteremkoni kuliko lava za milima mingi duniani. Ilipopoa, wakazi walirudi, wakaivunja kwa nyundo na kujengea kuta juu ya mwamba ambao mwezi mmoja nyuma haukuwepo.

Chukua kipande cha ukuta mmojawapo wa Goma au wa Kisoro ukishike mkononi. Ni cheusi au kijivu cha makaa, na kina vitundu vingi, vingine vidogo kama tundu la sindano, vingine vya kuingia ncha ya kidole. Hivyo ni viputo vya gesi vilivyokuwa vikipanda wakati lava inaganda, vikanaswa. Punje zake huzioni kwa jicho. Lava ikitoka juu ya ardhi hupoa haraka, fuwele hazipati muda wa kukua, tofauti na matale ambayo yalipoa taratibu kilomita kadhaa chini na kutoa fuwele kubwa zinazometameta. Sasa shika kipande cha jiwe la mchanga. Punje zake unazihisi kidoleni, pengine zinabanduka. Tabaka zake zinaonekana kama mistari. Ndani yake panaweza kuwa na konokono aliyekufa zamani, gamba lake likiwa zima.

Kwa kawaida alama hizo zinatosha: tabaka, punje zilizoviringishwa na maji na visukuku kwa upande mmoja, vitundu, weusi na fuwele zisizoonekana kwa upande wa pili. Vitabu vya shule huishia hapo. Uganda haikubali kuishia hapo, na sababu yake ni Tororo.

Mwamba wa Tororo unasimama peke yake juu ya mji, mkubwa kiasi kwamba dereva wa lori anayetoka Mombasa huuona kabla hajaliona jengo lolote. Kwa muda mrefu jiwe lake lilikuwa fumbo. Ni chokaa, na karibu kila chokaa iliyojulikana duniani ilitokana na bahari, ziwa, chemchemi au viumbe wenye magamba. Hapo hapakuwa na dalili ya bahari. Palikuwa na mduara wa mawe ya volkano, na ndani ya chokaa yenyewe palikuwa na madini ambayo maji ya ziwa hayayaweki: magnetaiti inayovuta sumaku, na apataiti yenye fosfati. Vilima jirani vya Sukulu vilikuwa hivyo hivyo. Vivyo hivyo Bukusu, kaskazini zaidi, kuelekea mlima Elgon.

Mwaka 1921 mtaalamu wa Norway, W.C. Brøgger, alikuwa amependekeza kwamba chokaa inaweza kuwa mwamba moto, akauita kabonataiti. Wakubwa wa taaluma walipinga. Norman Bowen, bingwa wa maabara ambaye neno lake lilikuwa na uzito mkubwa katika somo la miamba moto, alikuwa miongoni mwa waliotilia shaka. Ubishi uliendelea karibu miaka 40, na ukamalizwa na Afrika Mashariki. Mwaka 1960 J.B. Dawson alishuka katika kreta ya Oldoinyo Lengai, Tanganyika, mlima ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu, akakuta lava ya kabonati inatiririka. Ilikuwa nyeusi, nyepesi, na yenye joto la nyuzi kama 500 hadi 600, nusu tu ya joto la basalti. Ikishapoa, unyevu wa hewa huigeuza nyeupe. Hapakubaki nafasi ya kusema kwamba jambo hilo haliwezekani.

Wapinzani walibaki na hoja moja: lava ya Lengai ni ya sodiamu, ilhali chokaa ya Tororo ni ya kalsiamu. Jibu lilipatikana Uganda. Mwaka 1961 Oleg von Knorring na C.G.B. Du Bois walichapisha taarifa ya lava ya kabonati yenye kalsiamu karibu na Fort Portal, katika eneo lile la kreta ndogo ndogo ambalo leo watalii hulipita wakienda kutazama sokwe. Ni moja ya sehemu chache mno duniani ambako chokaa ilimwagika juu ya ardhi kama lava. Jiwe la Tororo, kwa haki, si lava kamili. Liligandia ndani ya mlima, na mlima wenyewe umekwisha kuliwa na mvua, ukabaki huo mshipa mgumu wa katikati. Mtaalamu makini atauita mwamba wa chini ya volkano. Lakini undugu wake na Fort Portal hauna shaka.

Mkulima hanufaiki na ubishi wa 1921, lakini ananufaika na kilichomo. Kwa kuwa ni ya moto, chokaa ya mashariki ilikuja na fosfati, na mvua za miaka mingi zilipoyeyusha chokaa, apataiti ilibaki imerundikana kwenye udongo mwekundu wa Sukulu. Hiyo ndiyo hazina ya mbolea ambayo Uganda imekuwa ikiipigia hesabu tangu enzi za ukoloni. Hima haina kitu hicho. Chokaa yake, pamoja na ile ya Muhokya na Dura katika ukanda huo huo, iliwekwa na maji ya bonde la ufa yaliyobeba kalsiamu iliyoyeyuka, kisha yakaiachia pale gesi ilipotoka na maji yakapungua. Chokaa za namna hiyo hutambulika kwa nafasi nyingi tupu zilizomo ndani yake, na mara nyingi kwa maumbo ya mabua na majani yaliyofunikwa. Mawe mawili yenye kemia inayokaribiana, moja lina fosfati na sumaku, jingine lina alama za majani. Hapo ndipo penye funzo kubwa la somo hili: sura ya jiwe hudanganya, na jina la kemia pia hudanganya. Historia yake ndiyo inayoeleza linaweza kutoa nini.

Kuna ugumu mwingine ambao wapenda mipaka hawaupendi. Majivu ya volkano hutoka motoni, lakini hutua chini kama vumbi, tabaka kwa tabaka, na mara nyingine mvua huyasomba hadi ziwani. Je, jiwe linalotokana nayo ni la nani? Wanajiolojia wengi huliweka upande wa volkano, wengine hulitaja kote kuwili, na ukweli ni kwamba jiwe hilo lina wazazi wawili. Kwa wanaotafuta asili ya binadamu, hilo ndilo jiwe lenye thamani kuliko yote. Lava inaunguza mifupa. Mashapo ya kawaida huihifadhi lakini hayasemi umri wake. Majivu hufanya yote mawili: hufunika bila kuunguza, na ndani yake mna fuwele zenye potasiamu inayobadilika kuwa agoni kwa kasi inayojulikana. Mary Leakey alipogundua fuvu la Olduvai mwaka 1959, ni majivu ya tabaka zilizolizunguka yaliyopimwa na kutoa umri wa miaka milioni 1.75, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1961. Huko Laetoli nyayo za watu wa kale, zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6, zilibaki kwa sababu mvua ilinyesha juu ya majivu yenye kabonati, yakakauka na kuwa magumu kabla upepo haujazifuta.

Uganda ina sehemu yake katika habari hiyo, na haielezwi inavyostahili. Napak, huko Karamoja, ni mabaki ya volkano kubwa ya kale. Kati ya matabaka yake ya majivu yametolewa mabaki ya nyani wakubwa wasio na mkia walioishi takriban miaka milioni 20 iliyopita, na mwaka 2011 Martin Pickford na Brigitte Senut walitangaza Kampala kupatikana kwa fuvu la mmoja wao. Moroto, kaskazini zaidi, W.W. Bishop alipata taya la juu la mnyama ambaye mwaka 1997 alipewa jina la Morotopithecus bishopi kwa heshima yake. Bishop alikuwa mjiolojia, na katika miaka ya 1960 aliisimamia Uganda Museum, ile iliyo kwenye kilima cha Kitante. Ni jambo la maana kwamba makumbusho ya taifa yaliwahi kuongozwa na mtu anayesoma mawe.

Kwenye ziwa la Katwe, katika Bonde la Ufa la magharibi, koo hizo mbili za miamba zinafanya kazi pamoja kila siku. Ziwa lenyewe limo ndani ya kreta iliyolipuliwa na volkano, na kuta zake ni majivu yaliyoganda. Lakini chumvi iliyomo ni mashapo: maji ya chemchemi huingia na madini, jua hunyonya maji, chumvi hubaki chini na kuganda. Wanaume huingia majini hadi kiunoni, wakaivunja chini kwa vyuma na kuitoa mabamba mabamba, huku pembeni wanawake wakitunza vidimbwi vya kuvunia chumvi ya unga. Chumvi huuma kila palipo na mchubuko. Bila volkano pasingekuwa na bakuli, na bila jua na maji bakuli lingekuwa tupu.

Sasa tuje kwenye mafuta, kwa sababu hapo koo hizi mbili zinaachana kabisa. Mafuta ghafi huzaliwa na viumbe vidogo vilivyozikwa kwenye tope, yakapikwa polepole na joto la chini. Lava haiziki mwani kwa namna hiyo. E.J. Wayland, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya jiolojia iliyoanzishwa Entebbe mwaka 1919, alitembea kandokando ya Ziwa Albert akaandika mahali mafuta yanapochuruzika yenyewe, na mwaka 1925 akachapisha kitabu juu ya petroli ya Uganda. Kisima cha Butiaba kilichimbwa mwaka 1938. Kisha ukaja ukimya mrefu, hadi mwaka 2006 yalipothibitishwa mafuta ya kibiashara. Serikali imekuwa ikikadiria mapipa bilioni 6.5 yaliyoko chini, na kati yake yanayoweza kutolewa ni kama bilioni 1.4.

Kwa nini huko na si Mbale wala Kisoro? Bonde la Ufa lina matawi mawili. Tawi la mashariki, linalopita Kenya na kaskazini mwa Tanzania, lina volkano nyingi na maziwa ya kina kifupi. Tawi la magharibi lina volkano chache na maziwa marefu ya kina, na chini ya Ziwa Albert mashapo yamerundikana kwa kilomita kadhaa. Si kanuni isiyo na ubaguzi: Kenya ilitangaza mafuta ya Ngamia-1 huko Turkana mwaka 2012, kwenye bonde dogo la tawi la mashariki ambako mashapo yalikuwa mazito ya kutosha. Nayo Kenya, kwa upande wake, ilichuma katika volkano kile ambacho Uganda haijakipata: mvuke wa Olkaria, unaozalisha umeme tangu mwaka 1981 na kuifanya nchi hiyo iongoze Afrika katika umeme wa jotoardhi. Uganda ina chemchemi za moto Kibiro, Buranga na Katwe, bila hata mtambo mmoja wa umeme wa aina hiyo.

Mafuta yenyewe yana alama ya mahali yalipozaliwa. Yanatokana na ziwa, na yana nta nyingi, kiasi kwamba hugandamana yakipoa, kama mafuta ya nazi asubuhi ya baridi. Ndiyo sababu bomba la kwenda Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limesanifiwa kupashwa joto njia nzima. Gharama hiyo ya ziada haikutokana na siasa wala na mkandarasi. Ilitokana na mwani wa ziwa la kale.

Maji ya kunywa nayo hufuata miamba. Kisoro hupata mvua nzuri, na juu yake Muhavura inasimama mita 4,127 ikiwa na ukungu, lakini kwenye miteremko ya lava mito ni haba. Maji huzama kwenye nyufa na vitundu, hutembea chini, kisha hutokea kwa wingi mahali pamoja, kama kwenye chemchemi ya Chuho inayohudumia mji. Mwanamke anayeishi juu ya mteremko huo huteka maji mbali, ingawa yamepita chini ya shamba lake. Hivyo hivyo vilima vya Chyulu nchini Kenya: mvua hunywewa na lava, hutokea Mzima safi kabisa, kisha husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa. Mji uliojengwa kwa mawe ya matumbawe hunywa maji ya volkano.

Na miji yenyewe husema chini yake kuna nini. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, na nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar ni matumbawe, yaani mashapo yaliyotengenezwa na viumbe vya bahari. Saruji ya Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, hutokana na mwamba huo huo. Nairobi, iliyokaa juu ya mimwagiko ya volkano, hujengwa kwa mawe ya Ndarugo kutoka upande wa Juja, majivu yaliyoshikana ambayo msumeno huyakata kama mbao na baadaye hustahimili miaka. Kampala haina hili wala lile. Vilima vyake vimefunikwa moramu nyekundu, na chini yake kuna miamba geu ya kale sana, yenye umri wa karibu miaka bilioni 2. Kwatzaiti ya vilima kama Muyenga, ambako mawe yamechimbwa kwa miaka mingi, ilikuwa mchanga. Amfiboliti ya Jinja, iliyobeba bwawa la Nalubaale lililofunguliwa mwaka 1954, ilikuwa basalti. Joto na mgandamizo vimeyafuta majina yao ya kwanza. Ndiyo maana mji huu umejengwa kwa tofali la kuchoma, kuanzia Kanisa Kuu la Namirembe hadi chumba cha kupanga cha Bwaise: mawe mepesi ya kukata hayapo, bali mabonde yamejaa mfinyanzi.

Hata mfuko wa saruji, ukiufungua kwa macho ya mjiolojia, una mchanganyiko. Chokaa ya Tororo siku hizi huongezewa marumaru ya Karamoja, ambayo ni chokaa iliyogeuzwa na joto. Na saruji nyingi za kawaida huchanganywa na pozolana, majivu ya volkano yanayosagwa pamoja na klinka ili kupunguza gharama na kuupa mchanganyiko ustahimilivu. Sehemu ya pozolana ya Hima imetoka Harugongo, Kabarole, katika uwanja ule ule wa volkano wa Fort Portal. Kwa hiyo aliyejenga kwa "chokaa ya maji" naye ametia volkano ukutani.

Limebaki suala la ardhi, na hili halifai kutajwa kwa haraka. Udongo wa volkano unalisha watu wengi mno. Kahawa ya Bugisu, ndizi za Mbale na viazi vya Kisoro vinatokana na mawe machanga yenye potasiamu, kalsiamu na magnesiamu ambayo mvua haijamaliza kuyaosha. Udongo wa mchanga uliotokana na miamba ya kale umekwisha kuoshwa mara nyingi, na mkulima wake hulazimika kununua alichonyimwa. Haishangazi kwamba miteremko ya Elgon ni miongoni mwa sehemu za vijijini zenye msongamano mkubwa nchini. Watu wamefuata rutuba.

Lakini mwamba unaooza haraka na kutoa rutuba ndio huo huo unaotoa udongo mzito wa mfinyanzi, uliokaa juu ya mteremko mkali. Mvua ikinyesha siku mfululizo, maji hujaa kati ya udongo na mwamba mgumu wa chini, na mteremko mzima huachia. Tarehe 1 Machi 2010 kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, kilifunikwa. Waliokufa na waliopotea walizidi 300. Oktoba 2018 maporomoko yaliua zaidi ya watu 40 Bukalasi. Novemba 2024 ilikuwa zamu ya Bulambuli. Serikali imehamisha familia kwenda Kiryandongo, na baadaye Bunambutye, huko uwandani. Baadhi wamerudi mlimani, na sababu yao inaeleweka: ardhi waliyoiacha huzaa bila mbolea.

Kuwaambia watu hao wahame bila kuwaeleza kilicho chini ya miguu yao ni kuwanyima haki yao. Mteremko wenye mwamba mgumu karibu na uso si sawa na mteremko wenye mita nyingi za udongo uliooza, hata kama migomba inafanana. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na vyote viwili. Idara ya jiolojia iliyoko Entebbe imekuwa ikichora miamba ya nchi hii kwa zaidi ya miaka 100, na Makerere inatoa wajiolojia. Ramani hizo zishuke kutoka ofisini, zitafsiriwe kwa Lumasaba na Kiswahili, zibandikwe kwenye makao makuu ya kila kata ya Elgon na kuelezwa barazani, shambani na darasani, kabla ya mvua za Machi kuanza.